Mkono Ndani ya Kanga

Siku hizi kila mhudumu wa kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, huvaa bangili isiyovulika inayogeuka buluu ikiguswa na mtu aliyetumia heroini. Ikigeuka mara tatu kwa mtu yuleyule, polisi hupata jina lake.

Bi Rukia ameifanya kazi hiyo katika nchi tano, akiwaambia wazazi: usimpeleleze mwanao, mfungulie mlango.

Jumatatu binti yake Salha alirudi kutoka kushona, akambusu mkono wa kulia, wenye bangili. Bangili ikawa buluu. Jumanne ikawa hivyo tena.

Leo Salha amesimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Lete mkono."

"Marahaba. Nina shombo la samaki," Bi Rukia akasema, mkono wa kulia akiuficha ndani ya kanga.

"Tangu lini nikaogopa samaki mimi?"

Bi Rukia alimwomba Mungu ampe neno. Akanyoosha mkono wa kushoto, ambao mtoto hambusu mzazi wake.

Salha aliutazama bila kuushika. "Imeshageuka mara ngapi?"

Mama yake alisogea kando ya mlango ili Salha apite, mkono wa kulia ungali ndani ya kanga.