Damu ya Mtani

Mwalimu Mbwego alikunja mikono kifuani akakataa kuongezwa damu, ingawa midomo ilikuwa imempauka na daktari alikwisha sema kwamba bila hiyo hataimaliza wiki.

“Ya mtu mwingine, sawa,” alisema. “Si ya Chausiku.”

Bi Chausiku alikuwa mtani wake. Kwa miaka arobaini alikuwa akimcheka kila mahali, hata msibani. Sasa alikaa kando ya kitanda, amebana pamba mkononi pale alipotolewa damu.

“Nimefundisha Kiingereza mimi,” Mwalimu alimweleza nesi. “Wana neno, ‘sanguine’. Zamani lilikuwa la damu tu. Kisha wakaona mwenye damu nyingi hucheka ovyo, likawa neno la mtu mchangamfu. Ukinitia hiyo nitakuwa kama huyu!”

“Maiti mtarajiwa wewe,” alisema Bi Chausiku. “Ukifa nitamtania nani?”

Alisema akicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vikivuta shuka taratibu kumfunika miguu. Mwalimu aliviona. Akanyoosha mkono kwa nesi.

Mfuko ukatundikwa. Wakaangalia tone la kwanza, la pili, la tatu. Mara shavu la Mwalimu likacheza.

“Imeanza!” Bi Chausiku akapiga kelele.

“Haijafika hata kwenye kiwiko,” alisema Mwalimu, akauma ncha ya shuka ili mabega yasitikisike. Yakatikisika, na juu yake mfuko mwekundu ukaanza kuyumba.