Filamu Isiyo na Sehemu ya Tatu

Mgeni hakuja na karatasi hata moja.

Waandishi wengine waliopanda ngazi za ofisi ile walifika wamekumbatia miswada yao kama watoto wachanga. Huyu alifika mikono mitupu, akakataa chai, akachagua kiti ambacho angeweza kuona mlango na dirisha kwa pamoja.

"Filamu yenyewe ninayo kichwani, Mwalimu," alisema. "Ni ya mapenzi na risasi. Sehemu ya kwanza ipo, ya pili ipo. Ya tatu imenishinda. Nimeambiwa wewe ndiye bingwa wa kumaliza hadithi za watu."

Hakusema aliambiwa na nani, na Mwalimu hakuuliza. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuchambua misuko ya filamu kabla hazijapigwa picha, na mara chache kufundisha darasa dogo la uandishi. Alichukua kalamu, akachora ubaoni mstari unaopanda, akaugawa mara tatu.

"Nisimulie."

Mgeni akasimulia. Tajiri mmoja alioa mke mzuri, akamwajiri kijana wa kumlinda. Mlinzi na mke wakapendana. Asubuhi moja tajiri aliamka akakuta geti liko wazi, gari dogo halipo, na pete ya ndoa imeachwa kwenye sinki la bafuni. Watu wake waliwafukuza wale wawili hadi darajani. Risasi zikarindima, gari likatumbukia mtoni. Lilipovutwa, ndani hamkuwa na mtu.

"Mpaka hapo," alisema mgeni. "Wamepotea. Sijui wako wapi."

Mwalimu aliweka alama juu ya mstari. Alisema mkasa unapanda vizuri, na daraja ni mahali pazuri pa kufungia sehemu ya pili. Alishukuru pia kwamba wapenzi hawakubusiana katikati ya risasi, maana wengi huwabusisha hapo hapo, wala nywele haziwatimki.

"Ila kuna kasoro," aliongeza.

"Ipi?"

"Kila kitu tunakiona tukiwa nyumbani kwa mume. Geti, sinki, pete. Hatujui mlinzi aliwaza nini, wala mke aliogopa nini. Na huyo mume simwelewi. Kwa nini mkewe alihitaji kulindwa?"

"Alimpenda mno. Alimfungia ndani kwa usalama wake."

"Alikuwa akimpiga?"

Mgeni alitazama dirishani. "Mara chache. Hilo halina uzito kwenye hadithi."

Kalamu ilikuwa imekandamizwa ubaoni hadi ncha ikabonyea. Mwalimu aliitua mezani. Alimtazama mgeni, shati lililolowa jasho kifuani, goti lililokuwa likicheza bila kukoma. Kisha alivuta kiti, akaketi karibu naye na kuteremsha sauti.

"Kaka yangu, nimekaa na watunzi wengi. Mtu anayetunga hatoki jasho namna hiyo. Hii si filamu. Wewe ndiye mlinzi, sivyo?"

Mgeni alimkazia macho kwa muda mrefu. Mwishowe mabega yakamlegea, akainamisha kichwa na kukubali. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba walipotezana pale mtoni, na tangu siku hiyo hajui kama mwanamke yule anakula, analala wapi, au amejificha kwa nani.

"Nisipompata mimi kwanza, Mwalimu..."

"Basi tumtafute kwa njia ninayoijua."

Alisimama, akarudi ubaoni. Katika filamu kama hizi, alieleza, mwanamke anayekimbia haendi stendi ya mabasi, wala haendi kwa marafiki zake, kwa sababu mume ana watu kila kona. Huenda mahali ambapo mtazamaji alishatajiwa mara moja, kwa kupita tu, akapasahau.

"Kuna mahali alipenda kupataja? Pa utotoni, labda?"

Mgeni alifikiri, huku akijisugua paji la uso. Palikuwa na nyumba ya yaya aliyemlea, nyuma ya milima, karibu na mpaka. Lakini yaya alishafariki, na nyumba imefungwa, haina mtu.

"Ndiyo hiyo," alisema Mwalimu. "Haina mtu wa kumuuliza maswali, na aliishi humo kabla hajajua kuogopa. Mlango ule ukifunguka, mtazamaji atalia. Ni mwendo gani hadi huko?"

"Siku nzima kwa gari."

"Sasa umekaa hapa unangoja nini?"

Mgeni alikuwa ameshasimama. Rangi ilimrudi usoni. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Una hakika?"

"Nisingekuwa na hakika na mambo haya, ningekuwa nimeshakufa njaa."

Mgeni alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza, akashuka ngazi mbiombio. Mwalimu alisimama kando ya pazia. Chini, gari jeusi lilisogea bila kuitwa. Mtu mmoja aliruka kutoka mbele, akamfungulia mgeni mlango wa nyuma. Gari la pili likafuata, limejaa wanaume. Yote mawili yakapinda kuelekea barabara ya milimani.

Mwalimu alifunga mlango wa ofisi kwa ufunguo. Ndipo alipokwenda nyuma, akasukuma kando kabati la mikanda ya filamu za zamani na kugonga polepole ukuta wa mbao.

"Tokeni, mwanangu, wewe na mwenzio," alisema. "Mumeo ameondoka."