Mita Sita za Mwisho

"Rudi nyuma kidogo," Nasike alinong'ona, akibonyeza kitufe. Zikapita sekunde nne kabla ya tangi kutii, huko angani, mbali kuliko mwezi.

Lilikuwa tangi la mafuta, lililorushwa kwa roketi siku kumi na mbili zilizopita. Sasa lilikwenda sambamba na meli ya angani ya mumewe, Odongo, kwa kasi ileile. Zilibaki mita sita. Tangi likinasa, meli ingejazwa mafuta na kupunguza mwendo. Likikosa, meli ingeipita dunia Ijumaa na kupotelea mbali, isionekane tena.

Kwa kawaida rubani humalizia kazi hiyo mwenyewe, akichungulia dirishani. Safari hii Nasike alikuwa peke yake, katika chumba cha mitambo Kisumu.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, kutoka Katito.

"Nyar Webuye," alimwita, yaani binti wa Webuye, "bado?"

"Bado, Mama. Mita sita."

"Sita tu! Si hata mimi ningelivuta kwa mkono?"

Nasike alicheka kidogo, macho yakiwa kwenye skrini. Nyuma ya sauti ya Mama alisikia nyundo zikigonga mabati. Shemeji zake walikuwa wakimjengea Odongo nyumba katika boma la baba yake, ile aliyoiahirisha miaka yote.

"Shemeji yako Brandon anauliza dirisha liangalie wapi."

"Barabarani. Odongo anapenda kuona watu."

Wakubwa wa kampuni walikuwa wamekataa kulirusha tangi. Ni ghali mno, walisema, na halitabadilisha kitu. Mama akaja Kisumu, akaketi mlangoni pao siku tatu, akirudia jambo moja tu: mtoto wangu halali nje.

Mita mbili. Moja. Tangi likayumba. Vidole vilimwasha Nasike, lakini aliviweka mezani, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne.

Taa ikageuka kijani.

"Limenasa," alisema. "Mafuta yataingia usiku kucha. Injini tutaiwasha kesho."

Kule Katito nyundo zilinyamaza.

"Kwa hiyo atafika?"

"Atafika, Mama. Ijumaa."

Mama alishusha pumzi ndefu. "Ero kamano, nyathina. Asante, mwanangu. Basi kesho napeleka tangazo redioni. Sasa tunaweza kuwatajia watu siku ya mazishi ya Odongo, mbele ya nyumba yake."