Mrithi wa Tano

Karani wa mahakama alimsogezea Perpetua, mjane wa miezi miwili, fomu ya mirathi yenye majina ya watoto wake wanne.

"Ukitia sahihi, mama, umeapa kwamba marehemu hana mtoto mwingine."

Perpetua alishika kalamu, kisha akaiweka mezani.

"Tia sahihi, shemeji, watu wanangoja," alisema mdogo wa marehemu.

"Yupo wa tano," Perpetua alimwambia karani. "Anaitwa Leokadia. Mume wangu alimzaa nje, akanikataza nisimtaje."

Shemeji aliinuka, akatoka bila kuaga. Karani alichukua fomu nyingine.

"Tutampata wapi?"

"Sijui. Sijawahi kumwona."

Karani akaanza kuandika upya. Perpetua aligeukia mabenchi yaliyojaa watu, akawatazama wasichana mmoja mmoja, akitafuta paji la uso la mumewe.