Mkono Uliomimina Pombe

Kaburi lilipotokea kwenye skrini, ukumbi mzima wa sinema mjini Andong ulinyamaza. Okbun, aliyeketi kando ya kaka yake, akasogea mbele kitini. Jiwe la kuwekea sadaka mbele ya kaburi, lenye pembe iliyomeguka, alilijua.

"Kaka, lile si kaburi la baba?"

"Acha ushamba, dada. Ni la bandia, wamelijenga wenyewe. Mimi niliwaachia mlima wetu tu, wapigie filamu."

Msichana aliyeketi nyuma yao akacheka. "Mama, tulia! Mzimu wenyewe bado haujatoka."

Kwenye skrini, mkono wa mwanamume ulimimina pombe ya mchele juu ya majani ya kaburi, polepole, kama aombavyo radhi mtu anayetaka kumfukua marehemu. Uso wake haukuonyeshwa. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani, na hakikuwa na ukucha.

Sururu ikashuka. Watu wakapiga mayowe, wengine wakacheka kwa woga, bisi zikamwagika sakafuni.

Okbun alimgeukia kaka yake. Mkono wa kulia, ule ambao mashine ya kupura mpunga iliuharibu kidole cha mwisho, alikuwa ameuzamisha ndani ya boksi la bisi, wala hakuwa anakula.

Kaburi la bandia haliombwi radhi. Tena haliombwi na kifungua mimba wa marehemu.

"Wanatisha kweli hawa," kaka alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Kaka," Okbun alisema, na msichana wa nyuma akaacha kucheka, "baba umemlaza wapi?"