Karatasi ya Vipando

Nyumba ya mwisho kuulizwa ilikuwa ya mchawi, na kijiji chote kilikuja kusikia.

Annah, bibi shamba, alitangulia na karatasi yake mkononi. Yeye ni Msoga wa Bugembe, kule Jinja, na Kigisu hakijui. Kwa hiyo wiki tatu hizi, katika kijiji hiki nje ya Mbale, alikuwa amebisha milango arobaini na moja kwa Kiswahili na swali lilelile: vipando vyako vya muhogo ulipewa na nani, na wewe ukampa nani? Ugonjwa huu husafiri ndani ya vipando, aliwaeleza, ingawa wengi walimsikiliza kwa sikio moja. Kila nyumba aliichorea duara, kila zawadi mstari. Nyumba ambayo muhogo wake umejikunja majani na kuzaa mizizi myembamba kama vidole, duara lake alilipaka wino.

Maduara yote arobaini na moja yalikuwa meusi.

Njaa, jamani, isikie tu kwa jirani. Mwaka ule wa tisini na nne watu walikuwa wakila mara moja kwa siku, wakishukuru. Na njaa ikishaingia, watu hawalali mpaka waitafutie mwenyewe. Huyo walishampata. Ng'ambo ya kijito aliishi mjane mmoja, Nabifo, na muhogo wake ulisimama kijani kibichi, umenawiri hadi unatia hasira.

"Kama si yeye aliyetuloga, mbona wake mzima?" waliuliza.

Annah aliwaomba wangoje karatasi iishe, na sasa alikuwa anajuta. Je, mistari ikielekea kwa mama huyu? Karatasi yake ndiyo itakayomchomea nyumba. Mtu mmoja nyuma yake alikuwa tayari anatikisa kiberiti.

Mwenyekiti Yekosofati, sajini mstaafu wa magereza, aliinyakua karatasi akaitazama. Duara lake lilikuwa katikati kabisa, na mistari kumi na tisa ilitoka humo kwenda kila upande.

"Mnaona?" alicheka, akiwaonyesha watu. "Mimi sinyimi mtu! Harusi, mimi. Matanga, mimi. Jirani akija mikono mitupu, ni mimi huyo huyo."

"Wewe ni mtu wa watu, afande," aliitikia Namono, jirani yake.

"Hapa kwetu hatunyimani. Ndiyo maana ubaya huu unauma. Haya, bibi shamba, mistari ya huyu mwanamke iko wapi?"

"Bado hajaulizwa, afande. Ila katika nyumba zote, hakuna aliyesema alipewa na yeye."

"Mchawi hakupi mkononi!" mtu alifoka, na wengi wakaguna kukubali.

Mlango ulifunguliwa. Nabifo alitoka, leso kiunoni, mikono ina udongo. Aliuona umati, akakiona na kiberiti, akabaki amesimama palepale. Annah alitamani kumwambia, kimbia mama, kimbia sasa hivi. Lakini angekimbilia wapi na watu wamejaa kila upande? Alichukua karatasi, akafungua kalamu, akauliza alichowauliza wote.

"Mama, vipando vyako ulipewa na nani?"

Nabifo aliwatazama mmoja mmoja, majirani zake wa miaka yote hiyo, hadi macho yakamfikia Yekosofati.

"Ni vilevile alivyoniachia marehemu mume wangu. Tangu nimzike mnaniita mchawi, miaka kumi na minne sasa. Ni nani kati yenu aliyewahi kunipa hata kimoja?"