Maandishi ya Chini ya Kopo

Mama aliligeuza kopo la juisi ya unga kutafuta tarehe, macho yakaangukia maandishi madogo kama mayai ya chawa: Ina fenilalanini.

Akayasoma tena. Neno hilo alilijua kuliko jina lake. Ndiyo asidi ya amino ambayo mwili wa mwanawe haukuweza kuivunja, ikajaa kwenye damu na kumharibia ubongo. Kwa ajili yake alimnyima mtoto mayai, nyama, maziwa, hata maharage. Wali alimpimia kwa mizani. Kwa kumwonea huruma, kila siku alimkorogea juisi hii. Haina sukari, alijiambia, itamdhuru nini?

Juzi daktari alimwambia, "Vipimo vinazidi kupanda. Kuna mtu anampa kitu kwa siri."

Alirudi nyumbani moja kwa moja, akauweka nje mkoba wa mama mkwe wake, aliyekuwa akibaki na mtoto mchana. "Mama, unaniulia mtoto," alimwambia. Bibi wa watu aliondoka akilia.

Kikombe kiligongwa mezani. Mtoto waliyempa jina la Kasuku kwa maneno yake mengi, na ambaye sasa hakuwa na hata moja, alimnyooshea kikombe kitupu, akitabasamu.